Mpira Usio na Geti: Chokocho na Historia ya Kuuzwa kwa Ushabiki

Wanaoandika juu ya biashara ya mpira wa miguu aghalabu huanza na geti. Hutueleza tiketi ilikuwa bei gani zamani na leo ni bei gani, na nani ameachwa nje kwa tofauti hiyo. Mfano wao mkubwa ni Uingereza: maafa ya Hillsborough ya Aprili 1989, yaliyochukua roho za watu 97; ripoti ya Jaji Taylor ya 1990, iliyotaka kila mtazamaji katika viwanja vikubwa awe na kiti; Ligi Kuu mpya ya 1992 na fedha zake za televisheni; kisha bei ikapanda mwaka hadi mwaka, hata Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool wakainuka dakika ya 77 na kutoka Anfield kuipinga tiketi ya pauni 77. Ni historia nzuri na wanafunzi wangu huipenda. Lakini kila ninapoifundisha hujiuliza itamfaa nini mtu wa Chokocho, ambako hakuna geti la kutokea.

Chokocho ipo kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, kwenye pwani inayotazamana na Kisiwa Panza. Watu wa kisiwani huvukia hapo wakienda skuli, hospitali na sokoni, na huvukia hapo pia wakija mpirani. Kiwanja cha mpira cha shamba, huko kama kwingineko Pemba, hakina ukuta wala jukwaa. Watu wenyewe ndio ukuta. Mchezo huanza baada ya sala ya alasiri na hauna budi kwisha kabla ya adhana ya magharibi, kwa hiyo refa huongozwa na jua kuliko saa. Hakuna anayelipa kuingia, kwa kuwa hakuna pa kuingilia. Fedha zipo, lakini ni za muuza bajia, za kijana wa malai, za mwenye mashua anayewarudisha watu kwao jioni. Zote hulala kijijini.

Basi biashara ya ushabiki imefikaje pahala pasipo na geti? Hili ndilo swali langu leo. Jibu langu ni kwamba imefika kwa waya, kwa dishi, kwa jezi na kwa simu, na kwa sababu haikupita mlangoni, haikumnyang'anya mtu kiti, kama ilivyotokea Uingereza. Imechukua saa yake ya alasiri na utiifu wake, vitu ambavyo hatuna mazoea ya kuvitia bei.

Nisieleweke kuwa nalilia zamani isiyo na fedha, maana zamani hiyo haikuwepo. Mashindano ya kwanza makubwa ya Afrika Mashariki, Kombe la Gossage, yaliyoanza 1926 baina ya Kenya na Uganda, yalibeba jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza. Tanganyika iliingia 1945 na Zanzibar ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940. Yaani timu yetu ya Visiwani, ilipotoka kushindana na majirani kwa mara ya kwanza katika kombe hilo, ilitoka kuipigania sabuni. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha 2001, ameeleza jinsi mpira ulioletwa na wakoloni ulivyotwaliwa na wenyeji wa mjini Unguja, hasa vijana wa Ng'ambo, wakaufanya pahala pa kujipatia heshima ambayo ofisi za serikali ziliwanyima. Mnazi Mmoja ulikuwa uwanja wa wazi. Ukuta na geti vilikuja kwa ukamilifu pale Uwanja wa Amaan ulipofunguliwa mwaka 1970. Lakini Amaan ipo Unguja, na ng'ambo ya mkondo mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine.

Pemba ilikuwa na mazoea yake ya kutazama mchezo hata kabla ya mpira kuenea. Nauzungumzia mchezo wa ng'ombe, ambao watu huunasibisha na Wareno. Ng'ombe hauawi, hufungwa kamba, huchokozwa, hukwepwa, na umati husogea na kukimbia naye. Kuna ngoma, kuna zumari, kuna nyimbo za kijiji kimoja kukitania kingine. Anayesimama kando akikunja mikono haonekani ameutazama mchezo. Nadhani mazoea haya yalihamia kiwanjani. Katika mechi ya vijiji viwili vya Pemba mtazamaji ni sehemu ya kilichokuja kutazamwa: mchezaji anaposhika mpira husikia sauti ya mjomba wake kwa jina, na akipoteza nafasi ya wazi atakumbushwa dukani wiki nzima. Shangwe ya namna hii hainunuliki, si kwa kuwa ni tukufu mno, bali kwa kuwa haiwezi kutenganishwa na watu wanaojuana.

Redio ilipokuja haikuivunja. Mtu aliweza kuipenda Yanga iliyoasisiwa 1935, au Simba iliyoanza mwaka uliofuata, huku redio yake ya betri ikiwa kwapani, naye mwenyewe amesimama pembezoni mwa kiwanja cha kijijini. Tena kwa miaka ya Ligi ya Muungano, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, klabu za Visiwani zilikutana na hao wakubwa wa Bara katika mashindano mamoja, na mara nyingine ziliwashinda: KMKM walikuwa mabingwa wa Tanzania mwaka 1984, Malindi mwaka 1989 na 1992. Mpemba aliyeipenda Yanga wakati huo alikuwa pia na timu ya nyumbani iliyoweza kumuudhi. Mpangilio huo ulikufa, na tangu 2004 Zanzibar hupeleka mabingwa wake Afrika peke yake. Kwa upande wa hadhi ilikuwa hatua mbele. Kwa upande wa ushabiki, klabu za Kariakoo zilibaki kwetu kama nyota: zinaonekana, hazifikiwi. Kombe la Mapinduzi aghalabu huzileta Visiwani Januari, kisha zikaondoka.

Kilichobadili mambo ni umeme. Hadi 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na ayajuaye majenereta yale anajua kwamba mechi ya dakika 90 ilikuwa dua. Mwaka huo ulikamilika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa karibu kilomita 78, uliojengwa kwa msaada mkubwa wa Norway. Miaka mitatu baadaye Azam TV ilianza kurusha matangazo, na dishi likawa kitu cha kawaida juu ya bati. Mwaka 2021 kampuni hiyo na TFF zilitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Ni fedha nyingi, na siwaonei gere wachezaji: ligi ya Bara imekuwa bora, mishahara inalipwa, na Mei 2025 Simba walicheza mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane pale pale Amaan. Lakini mkataba huo unamgusaje mtu wa shamba?

Unamgusa kwa saa. Redio ilikwenda na mtu kiwanjani. Skrini humwita atoke kiwanjani. Mechi ya Ligi Kuu inayopangwa saa 10 au saa 11 jioni hukaa juu ya mechi ya kijiji kama mtu anayekalia kiti cha mwenziwe. Mechi ya Uingereza inayoanza saa 9 alasiri huko, wakati wa baridi yao, huangukia saa 12 jioni kwetu, mnadi sala akikaribia kipaza sauti. Siku ya Simba na Yanga hakuna nahodha wa mchangani atakayejisumbua kuita timu. Watu wapo bandani, kile ambacho wenzetu wa Bara hukiita kibanda umiza: mabenchi, joto, skrini moja, na shilingi mia chache mlangoni. Geti, kwa hiyo, limefika Chokocho hatimaye. Limefika kwenye mlango wa banda, kuangalia mchezo unaochezwa ng'ambo ya bahari.

Sitaki kulidharau banda. Lina utani wake na ufundi wake wa maneno, na mwenye banda ni kijana anayehangaika kama wengine. Ila kuna mambo mawili. Sauti inayopigwa mle haimfikii mchezaji yeyote. Na mwanamke, ambaye kwenye kiwanja cha wazi angeweza kusimama kivulini na shoga zake akiwa na mtoto mgongoni, ni nadra kuonekana mle ndani.

Baada ya skrini ilikuja jezi. Mei 2017 Simba na Yanga, kwa kufuatana, ziliingia mkataba na SportPesa, kampuni ya kubahatisha matokeo. Mwaka 2022 Simba ikahamia kwa M-Bet, kampuni ya kazi hiyo hiyo. Fikiria maana yake kwa jamii ya Pemba, ambako kila mtoto wa chuoni anajua hukumu ya kamari kabla hajajua kuzidisha. Leo kijana huingia msikitini akiwa na tangazo la kamari kifuani, wala hapana anayemzuia, kwa sababu watu wanaona Simba, hawaoni tangazo. Hiyo ndiyo nguvu ya biashara hii: imeazima mapenzi yaliyokuwepo na kuyatumia kupitishia kile ambacho kingekataliwa kikija peke yake. (Hata lugha imeazimwa. Orodha ya mechi za kubetia huitwa mkeka. Katika kisiwa ambacho mama zetu hufuma mikeka ya ukindu kwa wiki nzima kupata ada ya skuli, neno hilo lilistahili bahati bora.)

Mwaka jana wa masomo niliwapa wanafunzi wangu kazi ndogo: waifuate kila shilingi inayotumika na shabiki mmoja wa kijijini siku ya mechi kubwa. Kiingilio cha banda, sehemu yake ikaishia kwenye malipo ya king'amuzi. Kifurushi cha simu. Jezi. Mkeka. Soda. Walipomaliza, katika orodha nzima kilichobaki kijijini kilikuwa faida ya mwenye banda na ya muuza bajia. Mmoja wao akauliza, na nimelibeba swali lake tangu siku ile: kama huyu shabiki anahesabiwa anapouzwa, kwa nini hahesabiki anapoamuliwa?

Tarehe 8 Machi 2025 ilijibu. Ilikuwa Ramadhani, na mchezo wa watani ulipangwa usiku, baada ya futari, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba ilitangaza kutocheza kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani, na siku hiyo hiyo Bodi ya Ligi ikauahirisha. Ukachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Katika mabishano ya miezi mitatu na nusu tulisikia kanuni, kamati, wadhamini na wanasheria. Shabiki aliyetoka visiwani kwa boti na kufuturu safarini hakuwa upande wa kesi hata mmoja. Mwenye kiti Anfield anaweza kuinuka akatoka, na kamera ikaonesha kiti kitupu. Mtu wa bandani akitoka, benchi linajaa.

Hapa nawageukia watumishi wa umma wanaonisoma. Michezo si jambo la Muungano. Mwaka 2021 Serikali ya Muungano ilielekeza sehemu ya kodi ya kubahatisha matokeo kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na mfuko huo ni wa Bara. Simu ya kijana wa Chokocho haiujui mpaka huo: hubetia na kulipia ligi ya Bara, huku kiwanja chake kikiwa chini ya mamlaka nyingine, isiyopata kitu katika mapenzi yake. CAF ilitupokea Machi 2017 kama mwanachama wa 55 na kutuondoa Julai ya mwaka ule ule, na tukalalamika kwa haki. Lakini suala la shilingi ya shabiki halihitaji ruhusa ya Cairo wala ya Zurich. Wizara mbili zinaweza kulimaliza mezani.

Na tusiambiwe kwamba Pemba haina soko la mpira wa kuonekana kwa macho. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa lote Gombani, Chake Chake, kwa timu za taifa. Usiku wa fainali, tarehe 13, Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1. Kwa siku zile 10 na zaidi daladala za Mkoani na za Wete zilijaa, wapishi wa barabarani walipika hadi usiku, na fedha ya ushabiki ililala kisiwani kama ilivyokuwa ikilala zamani. Hakuna aliyelazimika kupanda boti.

AFCON ya 2027 itaandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Kuna mikutano ya viwanja, hoteli na barabara, na nimesoma taarifa zake kadhaa. Bado sijaona karatasi hata moja inayouliza mechi hizo zitaanza saa ngapi, na saa hizo zitavikuta viwanja vya shamba katika hali gani. Ratiba haijafungwa. Anayeketi kwenye kamati na anajua njia ya Mtambile hadi pwani ya Chokocho anaweza kuliuliza swali hilo wiki hii.