Soko la Ujiji na Shanga Ambazo Bibi Hakuzitaka

Maharusi wakija kupima nguo huwa hawaondoki bila kutuuliza habari za shanga: za rangi gani, nyuzi ngapi, nani wa kuzitunga. Tunawajibu, lakini moyoni tunamkumbuka bibi yetu na soko la Ujiji. Basi leo twende bara, mpaka ukingo wa Ziwa Tanganyika.

Sisi ni watoto wa Simbo, mkoa wa Kigoma. Utotoni mwetu, miaka ya tisini, Simbo ulipata chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Ukitaka nguo ya Idi au vitu vya harusi, safari ni Ujiji. Tulikuwa tunaamshwa alfajiri, mama kashafunga madumu ya mawese, tunapanda juu ya mizigo. Njiani kila mtu ni "mwakeye, mwakeye", maana Waha kwa salamu hawana ubahili.

Ujiji unaanza kuunusa kabla hujauona. Dagaa waliokaushwa, migebuka ya kukaanga, mawese. Bei ya dagaa ilifuata mwezi, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala. Mama mwenye harusi nyumbani alikuwa anahesabu mwezi kabla ya kutaja siku! Upande wa nguo ndiko tulikopenda sisi. Vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo vimetundikwa mpaka juu, mafundi wamekaa barazani na vyerehani vya miguu, na sisi tunaokota vipande chini ya meza zao tukashone nguo za wanasesere. Ufundi wetu ulianzia pale, chuo kilikuja baadaye.

Hatukujua kwamba soko lile ni la zamani kiasi hicho. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta Ujiji tayari ni mji wa biashara, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Livingstone na Stanley, ambao kila mtalii anawaulizia, walikutana hapo mwaka 1871. Chumvi ilitoka Uvinza, pembe za ndovu zilitoka ng'ambo ya ziwa, na nguo zilitoka pwani, nyingi zikipitia Unguja. Kaniki ilitoka Uhindi. Ile nguo ya pamba ngumu tunayoiita merikani ilipata jina kwa sababu ililetwa na meli za Marekani.

Na pesa ya soko ilikuwa shanga. Si shanga yoyote, maana kila mji ulikuwa na aina yake, na ukija na isiyotakiwa utalala njaa na mzigo wako kichwani. Ujiji walitaka sofi, shanga fupi mfano wa vipande vya mrija wa kiko. Mwingereza Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliandika kwamba asubuhi watu walizunguka sokoni na mifuko ya sofi wakiwabadilishia wanunuzi, na soko likifungwa wanazichukua tena kwa wauzaji. Wanapata faida mara mbili. Sisi tunaofanya biashara tukisoma hapo tunacheka, maana wabadilisha fedha hawajabadilika.

Lakini kuna jambo ambalo halichekeshi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Ujiji biashara ya watu iliendelea miaka mingi baada ya hapo. Watu walivushwa kutoka Manyema, wengi wao wanawake na watoto, wakathaminiwa kwa nguo na shanga. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Katika hao waliovushwa alikuwemo bibi yake bibi yetu. Ujiji ndiko alikosilimu, akaolewa, akazaa. Ndiyo maana mpaka leo posa ikija watu wanauliza, "Nyinyi ni Wamanyema wa wapi hasa?" na wazee wanakohoa kidogo kabla ya kujibu.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 meli na mizigo zilihamia huko, Ujiji ukabaki na miembe yake, misikiti yake na soko. Hayo tumeyajua ukubwani.

Bibi hayo ya vitabu hakuyasoma, ila ya kwao aliyajua. Tukipita kwenye meza za shanga alikuwa anatuvuta mkono. Dada yetu mkubwa alipoolewa, sanduku la bwana harusi lilikuja na khanga, udi, viatu, na nyuzi saba za shanga nyeupe na nyekundu. Bibi akazisukuma pembeni kwa mguu. Mashangazi wa bwana harusi wakanuna, mama akaona aibu, na kwa nusu saa nzima tulidhani harusi imevunjika. Ndipo bibi akasema: "Nyanya yangu alitolewa kwa hizi, na wala hakuulizwa." Watu wakanyamaza.

Dada akaondoka, akarudi na bahasha ya mahari. Siku ile baba alikuwa amemwuliza mbele ya mashahidi kama ameridhia, naye akataja mahari yake kwa mdomo wake: Msahafu, mswala na fedha taslimu. Akaiweka bahasha mapajani mwa bibi.

"Umepewa wewe au kapewa baba yako?"

"Mimi, bibi. Ni yangu."

Bibi akazihesabu noti moja moja, polepole, kwa macho yake yale mabovu. Akamrudishia zote. Kisha akaomba sindano na uzi mgumu, maana uzi wa zile shanga, alisema, ulikuwa hafifu na usingefika hata fungate.