Kabla hujabadilisha pistoni, soma kisa cha Jetfire

Wapenzi wa turbo, leo tuongee kuhusu namba ambayo hatuachi kubishania: kompresheni. Huyu anataka 8:1, yule anasema bila 10:1 hakuna gari hapo. Huu ubishi si wa jana. Mwaka wa 1962 ulikuwa ndani ya kampuni moja, General Motors ya Marekani.

Kwanza tuelewane. 10:1 inamaanisha pistoni inabana hewa na petroli mpaka sehemu moja ya kumi. Ukibana sana, gari linaamka haraka na linatumia mafuta vizuri. Shida ni kwamba turbo nayo inaleta hewa iliyobanwa tayari, tena ya moto. Ukizidisha, mchanganyiko unajilipukia wenyewe badala ya kungoja moto wa plagi. Injini inagonga, na pistoni haimalizi wiki.

Sasa, mwaka huo GM walitoa magari mawili ya turbo. Chevrolet Corvair Monza Spyder walipunguza kompresheni hadi 8:1. Turbo ikiwa imelala gari lilikuwa zito, lakini lilivumilia. Oldsmobile Jetfire wakaiacha 10.25:1, V8 ya lita 3.5 yenye nguvu za farasi 215. Ili isigonge, ilipuliziwa maji yenye methanoli kutoka kwa chupa maalum.

Kwa karatasi, Jetfire ilishinda. Kwa barabara, wenyewe walisahau kujaza chupa. Ikiisha, gari lilipunguza presha ya turbo na ile raha yote ikapotea. Kufikia 1963 Jetfire ilikuwa imekwisha, na 1965 GM ikawa inawatolea wateja turbo. Corvair za turbo ziliendelea hadi 1966.

Unaona? Hesabu ya wahandisi ilikuwa sawa. Kilichowaangusha ni kutegemea mwenye gari asisahau hata siku moja.

Kompresheni ilirudi kupanda baadaye, lakini kwa sababu nzuri. Mwaka wa 1982 Saab waliweka sensa inayosikiliza injini ikianza kugonga, halafu inapunguza presha yenyewe. Wakaweza kutoka 7.2:1 hadi 8.5:1. Miaka ya 2000, Volkswagen Golf GTI ya turbo ikapita 10:1, kwa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ili kuipoza.

Sasa wewe na Subaru yako ya zamani kutoka Japani. Kule ilizoea petroli ya okteni ya juu kuliko super ya kawaida hapa Kenya. Ukiwekewa pistoni za kompresheni kubwa kwa sababu jamaa fulani ameziweka, ni Jetfire unajenga, na hata chupa hauna. Hiyo ni pesa ya injini nzima.

Chagua kompresheni kwa petroli utakayoipata siku umekwama usiku na stesheni iliyo wazi ni moja tu. Turbo itakupa nguvu ukiihitaji. Pistoni iliyopasuka haikupi kitu.