Homa ya Bonde la Ufa: maradhi ya mifugo yanayokata mnyororo wa Girinka

Ugonjwa huu huja na mvua, hutupa mimba za ng'ombe, mbuzi na kondoo, na huweza kumpata mtu anayegusa damu ya mnyama aliyeambukizwa. Rwanda imeshuhudia milipuko yake mwaka 2018 na mwaka 2022. Hasara huanzia zizini mkoani Mashariki, lakini haikomei huko. Hufika hadi bucha na wauza maziwa wa Kinyinya, jijini Kigali.

Ni ugonjwa wa namna gani?

Homa ya Bonde la Ufa husababishwa na kirusi kinachosambazwa na mbu. Huwashambulia zaidi wanyama wanaocheua: kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Dalili inayomshtua mfugaji ni kundi zima kutupa mimba ndani ya siku chache, bila kujali umri wa mimba hizo. Madaktari wa mifugo huita hali hiyo dhoruba ya kutupa mimba, kwa kuwa haichagui jike mmoja mmoja bali hupita juu ya kundi lote.

Wanyama wachanga ndio wanaoathirika vibaya zaidi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya asilimia 90 ya wanakondoo wanaoambukizwa hufa, ilhali kondoo wakubwa wanaokufa wanaweza kuwa asilimia 10 tu. Ng'ombe mkubwa anaweza kuonyesha homa, kukosa hamu ya kula, kutokwa na kamasi na damu puani, kuharisha, na maziwa yake kupungua ghafla. Wengine hupona bila mwenyewe kujua kwamba waliugua, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kuutambua mapema.

Mbu wa jenasi ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde na madimbwi yanayofurika kwa msimu. Mayai hayo, ambayo huweza kuwa tayari na kirusi ndani yake, hustahimili ukame kwa miaka. Mvua kubwa inapofurika na maji kutuama, mayai huanguliwa, mbu huwauma wanyama walio karibu, na maambukizi huanza. Mbu wa aina nyingine, hasa Culex, huzaliana katika maji hayohayo na kuyasambaza zaidi. Ndiyo maana ugonjwa huweza kutoweka kwa miaka mitano au kumi, watu wakausahau, kisha ukarejea kwa kishindo katika msimu mmoja.

Kutoka Naivasha hadi Ghuba

Ugonjwa huu ulitambuliwa kitaalamu mwaka 1931, baada ya kondoo wengi kufa na kutupa mimba katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Jina lake linatokana na eneo hilo la Bonde la Ufa. Kwa miongo kadhaa ulichukuliwa kuwa tatizo la mifugo zaidi kuliko la binadamu. Dhana hiyo ilibadilika mwaka 1977, ulipozuka nchini Misri na kuua mamia ya watu.

Afrika Mashariki ilipata pigo kubwa mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998, baada ya mvua za El Niño. Zaidi ya watu 400 walifariki dunia katika mlipuko huo, uliotikisa hasa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Mwezi Septemba mwaka 2000 kirusi kilithibitishwa nje ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Saudi Arabia na Yemen. Masoko ya Ghuba yalifungwa kwa mifugo kutoka Pembe ya Afrika, na wafugaji wa Kisomali, ambao riziki yao ilitegemea meli zinazobeba kondoo na mbuzi kuvuka bahari, wakaishi na marufuku hiyo kwa miaka mingi.

Mlipuko wa 2006 hadi 2007 uligusa nchi tatu. Shirika la Afya Duniani liliripoti wagonjwa 684 na vifo 155 nchini Kenya, wagonjwa 264 na vifo 109 nchini Tanzania, na wagonjwa 114 na vifo 51 nchini Somalia. Nchini Kenya, watafiti wa uchumi walikadiria kwamba hasara ilifikia takriban dola za Kimarekani milioni 32. Kiasi hicho hakikuwa cha mifugo iliyokufa peke yake. Wafanyabiashara wa mifugo, wachinjaji, wasafirishaji na wauza nyama walikaa wiki kadhaa bila kazi, kwa kuwa masoko na machinjio yalifungwa.

Mwaka 2016 ugonjwa ulithibitishwa wilayani Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Rwanda.

Rwanda: 2018 na 2022

Katikati ya mwaka 2018, baada ya mvua kubwa za masika, ambayo Wanyarwanda huiita itumba, ng'ombe na mbuzi walianza kutupa mimba na kufa katika mkoa wa Mashariki. Mkoa huo ndio wenye ng'ombe wengi zaidi nchini, na una mabonde yenye majimaji yanayofuata mito ya Nyabarongo na Akagera. Mamlaka zilizuia mifugo kuhamishwa na zikaanza kutoa chanjo.

Mwaka 2022 ugonjwa ulirudi katika msimu huohuo wa mvua. Safari hii haukukaa mashariki pekee, bali ulienea pia hadi wilaya za kusini. Nchi jirani ya Burundi nayo ilithibitisha ugonjwa huo mwaka huohuo, na serikali yake ikapiga marufuku kusafirisha, kuuza na kuchinja mifugo ili kuuzuia. Mpaka wa nchi haumzuii mbu, wala haumzuii mchuuzi anayehofia kwamba kesho soko litafungwa na hivyo kuamua kuvusha mifugo yake usiku wa leo.

Nchini Rwanda, Bodi ya Maendeleo ya Kilimo na Rasilimali za Wanyama, RAB, ndiyo inayosimamia chanjo, upimaji wa sampuli na amri za karantini. Kituo cha Tiba na Afya cha Rwanda, RBC, hufuatilia upande wa binadamu. Taasisi hizo mbili hulazimika kufanya kazi bega kwa bega, kwa sababu mara nyingi mtu wa kwanza kuugua ni yuleyule aliyemsaidia ng'ombe wake kuzaa.

Ndama aliyeahidiwa jirani

Hesabu ya hasara nchini Rwanda haiwezi kukamilika bila kutaja Girinka. Mpango huo, ulioanzishwa mwaka 2006, huipa familia maskini ng'ombe mmoja. Familia hiyo nayo hutakiwa kumpa jirani mwenye uhitaji mtamba wa kwanza atakayezaliwa, tendo linaloitwa kwitura. Kwa njia hiyo, ng'ombe zaidi ya 400,000 wamefika katika kaya ambazo hazikuwa na ng'ombe.

Nguvu ya mpango huo iko katika uzazi, na uzazi ndio unaoshambuliwa na Homa ya Bonde la Ufa. Ng'ombe anapotupa mimba, familia moja hukosa maziwa ya msimu mzima, kwa kuwa ng'ombe asiyezaa hakamuliwi. Familia ya pili, iliyokuwa ikimsubiri mtamba, hubaki mikono mitupu. Samadi iliyorutubisha shamba la mahindi, maharage na migomba nayo hutoweka pale ng'ombe anapokufa, na mavuno ya msimu unaofuata hupungua. Mfugaji mwenye ng'ombe 50 anaweza kupoteza watano na akaendelea na maisha. Mjane mwenye ng'ombe mmoja, akimpoteza huyo, hurudi pale alipokuwa kabla ya kupewa.

Kuna pia hasara isiyoandikwa katika vitabu vya fedha. Nchini Rwanda ng'ombe hutolewa mahari, hufunga urafiki, na hutajwa hata katika salamu za kutakiana heri. Kumzika ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa, huku nyama yake ikikatazwa kuliwa, ni jambo zito kwa familia iliyozoea kumtegemea.

Kinyinya na meza ya mjini

Tarafa ya Kinyinya, katika wilaya ya Gasabo, inabadilika haraka. Kagugu, Gacuriro na Murama, ambako zamani kulikuwa na mashamba mengi, sasa kuna mitaa ya nyumba mpya, shule na maduka. Wakazi wengi hawafugi tena, lakini maziwa wanayokunywa na nyama wanayonunua hutoka kwa wafugaji wa mikoani, hasa Mashariki.

Karantini inapotangazwa huko, athari yake hufika mjini kwa ngazi. Kwanza malori ya mifugo hupungua. Kisha bucha hufunga siku fulani au hupandisha bei. Mwenye kibanda cha brochette, mshikaki wa mbuzi unaopendwa sana jijini, hujikuta hana mbuzi wa kuchoma. Wateja wengine huacha nyama kabisa kwa hofu, hata ile iliyokaguliwa, na hofu hiyo humrudia mfugaji ambaye mifugo yake ni mizima.

Jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee Waislamu wa Kigali, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kiswahili, wakati wa Idi ya kuchinja. Katika siku hizo mbuzi, kondoo na ng'ombe huletwa mjini kwa wingi, na watu wasio wachinjaji wa kila siku hushika kisu, hugawa nyama na hugusa damu. Mnyama asiyekaguliwa na daktari wa mifugo ni hatari kwa wote wanaomzunguka.

Hatari kwa binadamu

Watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu, viungo au majimaji ya mnyama mgonjwa: wakati wa kuchinja, kuchuna ngozi, kumzalisha mnyama, au kuondoa kijusi na kondo la nyuma. Wengine huambukizwa kwa kuumwa na mbu. Kunywa maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa nako kunahesabiwa kuwa hatari. Hakuna ushahidi kwamba ugonjwa huu huambukizwa kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine katika maisha ya kawaida.

Dalili huanza siku mbili hadi sita baada ya maambukizi. Wagonjwa wengi hupata homa, maumivu ya misuli, ya viungo na ya kichwa, kisha hupona ndani ya wiki moja. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria, mgonjwa asiposema kwamba alichinja au alimzalisha mnyama, mganga anaweza asiutambue ugonjwa. Wachache hupata hali mbaya: kudhurika kwa macho hadi kupoteza uwezo wa kuona, uvimbe wa ubongo, au kutokwa na damu. Miongoni mwa wanaofikia hatua ya kutokwa na damu, takriban nusu huweza kufa. Hakuna dawa mahsusi, na mgonjwa hutibiwa dalili zake.

Chanjo: wakati ndio kila kitu

Chanjo ya mifugo ipo tangu miongo mingi. Iliyotumika zaidi ni ya Smithburn, yenye kirusi hai kilichodhoofishwa. Dozi moja huweza kumkinga mnyama kwa muda mrefu, lakini inaweza kusababisha jike mwenye mimba aitupe. Chanjo zenye kirusi kilichouawa hazina hatari hiyo, ila huhitaji kurudiwa, jambo linaloongeza gharama.

Ugumu mkubwa ni wakati. Mnyama anapaswa kuchanjwa kabla ya mlipuko. Ugonjwa ukishaingia katika kundi, sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi inaweza yenyewe kueneza kirusi. Utabiri wa hali ya hewa husaidia hapa: mwaka 2006 wataalamu walitoa tahadhari mwezi Novemba kwa kutumia taarifa za setilaiti, na ugonjwa ukathibitishwa Garissa mwezi Desemba. Hata hivyo, katika miaka ya ukimya wafugaji na serikali hupata shida kugharimia kinga ya maradhi ambayo hakuna anayeyaona.

Kwa hasara yenyewe, Rwanda ilizindua bima ya kilimo na mifugo mwaka 2019, ambapo serikali hulipa asilimia 40 ya ada. Bima hiyo humpa mfugaji mdogo sababu ya kuripoti kifo cha ng'ombe badala ya kukificha na kuuza nyama kimyakimya.

Mfugaji na mlaji wafanye nini?

Wataalamu wa mifugo na afya hushauri yafuatayo:

- Mnyama akitupa mimba au kufa ghafla, mjulisheni mara moja daktari wa mifugo wa tarafa. Msimchune wala kumgawa.
- Msiguse kijusi, kondo la nyuma au damu kwa mikono mitupu. Tumieni glavu, na mzoga uzikwe katika shimo refu.
- Msihamishe mifugo kutoka eneo lenye ugonjwa, hata kwa jamaa.
- Chemsheni maziwa na piken nyama hadi iive kabisa.
- Nunueni nyama yenye muhuri wa mkaguzi.
- Ogesheni mifugo kwa dawa ya kufukuza wadudu, fukieni madimbwi karibu na zizi, na laleni ndani ya chandarua.
- Mwenye homa baada ya kuchinja au kumzalisha mnyama aende kituo cha afya, na aeleze wazi kazi aliyoifanya.

Agizo la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Mwenye ng'ombe mmoja aliyekufa hutamani apate angalau thamani ya nyama, na jirani hutamani kumsaidia kwa kununua kilo mbili. Huruma hiyo ndiyo inayoweza kuupeleka ugonjwa nyumba hadi nyumba. Pale ambapo bima imelipwa, daktari wa mifugo amefika mapema na chanjo imetolewa kabla ya mvua, mfugaji halazimiki kuchagua kati ya hasara yake na usalama wa jirani zake.