Shanga za Dinuzulu na Viongozi wa Skauti

Tarehe 8 Septemba 1919 watu wazima 19 walikusanyika katika shamba la Gilwell, pembezoni mwa msitu wa Epping, karibu na London. Waligawanywa katika vikundi vidogo kama wagawanywavyo watoto, wakalala mahemani, wakapika chakula chao na kufunga kamba hadi tarehe 19 ya mwezi huo. Walikuwa viongozi wa skauti, watu waliojitolea kulea watoto wa wenzao bila ya ujira, na hayo ndiyo yalikuwa mafunzo ya kwanza ya ile nishani ijulikanayo ulimwenguni kwa jina la Wood Badge, yaani nishani ya mti.

Haja ya mafunzo hayo ilikuwa kubwa. Tangu kitabu cha Baden-Powell kilipotoka mwaka 1908, wavulana walikuwa wakijiundia makundi wenyewe, kisha wakimtafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Mtu huyo aghalabu hakuwa na elimu ya kazi hiyo isipokuwa kile kitabu chenyewe. Shamba lilinunuliwa kwa fedha za W. F. de Bois Maclaren, Mskochi aliyekuwa kamishna wa skauti, ambaye alitoa pauni 7,000. Na hadi leo kitambaa cha shingoni cha waliohitimu kina kipande cha nguo ya mirabaraba ya ukoo wake. Mkuu wa kwanza wa kambi alikuwa Francis Gidney.

Ulipofika wakati wa kuwatunukia wahitimu, Baden-Powell hakutengenezesha medali ya shaba wala ya fedha. Alitoa kidani alichokuwa nacho tangu ujana wake jeshini, chenye shanga nyingi ndogo za mti wa mgunga, akazichomoa na kuwagawia. Ugwe wa ngozi wa kuzitungia, kwa maelezo yake, alipewa na mzee mmoja wa Kiafrika siku za kuzingirwa Mafeking, 1899 hadi 1900. Kidani kilikuwa cha Dinuzulu, mwana wa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu.

Hapa ndipo hadithi inapochafuka. Uingereza iliitwaa nchi ya Wazulu mwaka 1887, na mwaka uliofuata Dinuzulu akainua silaha. Baden-Powell alikuwa afisa chini ya mjomba wake, Jenerali Smyth, katika majeshi yaliyotumwa kumkabili. Kuna kauli kwamba kidani alikiokota katika kibanda alichokikimbia mfalme. Kuna nyingine, ambayo skauti wengi wameipenda zaidi, kwamba alipewa na Dinuzulu mwenyewe. Hii ya pili ni vigumu kuikubali. Dinuzulu hakujisalimisha kwa Baden-Powell. Alikwenda mwenyewe Pietermaritzburg mwishoni mwa mwaka 1888 kujitoa kwa wakuu wa serikali, akahukumiwa kwa uhaini na kupelekwa uhamishoni kisiwani St Helena. Mtu aliye katika hali hiyo hatoi zawadi, na kama ametoa, basi neno zawadi lina maana nyingine. Alifariki mwaka 1913, miaka sita kabla ya Gilwell.

Ajabu ni kwamba shanga zile zilikuwa nishani tangu mwanzo. Wazulu huziita iziqu, na huvaliwa na aliyethibitisha ushujaa wake. Kwa hiyo Baden-Powell, kwa kujua au kwa kutojua kina chake, aliichukua nishani ya taifa moja iliyopatikana kwa vita akaifanya nishani ya watu wa mataifa yote iliyopatikana kwa subira. Maana yake ilisogea mbali na asili yake, ila haikukatika nayo.

Na wana wa Wazulu je? Huko Afrika Kusini chama cha skauti kilikuwa cha Wazungu. Mwaka 1922 vijana Waafrika waliundiwa chama chao cha pembeni, wakaitwa Pathfinders, yaani watafuta njia. Mwaka 1936, baada ya Baden-Powell kuizuru nchi hiyo, wakaruhusiwa kuitwa skauti, lakini katika tawi lao peke yao. Hadi mwaka 1977 ndipo matawi yote yalipounganishwa. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi, mwalimu wa Kizungu wa Durban aliweza kutundika shingoni alama ya mfalme wa Wazulu, na asikae kambi moja na mjukuu wa askari wa mfalme huyo.

Shanga za asili hazikudumu kugawiwa. Punde ikabidi zichongwe nyingine za mbao kwa mfano wa zile, na ndizo zinazovaliwa na walio wengi: mbili kwa kiongozi aliyehitimu na, kwa desturi ya Gilwell, tatu au nne kwa wakufunzi. Baden-Powell mwenyewe alivaa sita. Alizikwa Nyeri, Kenya, alikofariki tarehe 8 Januari 1941, katika nchi ambayo skauti walianza mwaka 1910.

Mpango wa zamani wa kuipata nishani ulikuwa na sehemu tatu: kujibu maswali kwa maandishi, kukaa kambini, kisha kurudi nyumbani na kuliongoza kundi lako kwa miezi kadhaa chini ya jicho la mkaguzi. Kambi ndiyo iliyoimbwa na kupigwa picha. Lakini sehemu ya mwisho ndiyo iliyokuwa mtihani wenyewe: Jumamosi baada ya Jumamosi, na mvua ikinyesha, na watoto wanane tu wamekuja kati ya ishirini, na kiongozi hana budi kufundisha fundo lile lile kwa mara ya nne.