Tabibu Aliyekusanya Konokono

Mwanafunzi wa Lodwar au Kakuma, apitapo kando ya mto Turkwel au Tarach, huenda akaona gamba tupu la konokono mchangani, akalikanyaga. John Kirk angaliinama akaliokota.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akahitimu utabibu Edinburgh mwaka 1854. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Aliwatibu wenziwe wagonjwa wa homa. Na alipopata nafasi alikusanya mimea, na magamba ya konokono wa nchi kavu na wa maji matamu.

Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa. Mwenyewe aliokoka, bali daftari zake na michoro yake mingi vilichukuliwa na maji. Hata hivyo akaanza tena. Mwaka 1865 mtaalamu Heinrich Dohrn alichapisha London orodha ya konokono wa Zambezi na Ziwa Nyasa waliokusanywa na Kirk.

Mwaka 1866 Kirk alifika Unguja akiwa daktari. Baadaye, akiwa balozi wa Uingereza, alishughulikia mapatano ya 1873 yaliyofunga soko la watumwa. Alifariki mwaka 1922.

Gamba lisiloandikiwa mahali wala tarehe ni pambo tu. Lililoandikiwa ni ushahidi. Basi okota, andika, hifadhi. Na daftari ikipotea, anza nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.