Atonali au Utaratibu Mwingine? Tatizo la Istilahi katika Historia ya Gitaa, Nyanda za Juu Kusini

Makala hii inahoji matumizi ya istilahi mbili, "atonali" na "mdundo usio wa kawaida", katika kueleza upigaji wa gitaa wa Mbeya na Iringa. Hoja yake ni kwamba istilahi hizo hueleza mazoea ya msikilizaji kuliko kazi ya mpigaji.

Atonali ina historia yake. Kuanzia mwaka 1908, huko Vienna, Arnold Schoenberg aliacha kwa makusudi sauti ya msingi iliyotawala utunzi wa Ulaya. Wahehe, ambao ligombo lao lilirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950, hawakuwa na utawala huo wa kuuasi. Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa majirani zao Wagogo, ambao uimbaji wao hufuata sauti asilia za uzi unaotetema. Sauti ya saba katika mfululizo huo, ikishushwa ndani ya oktava moja, huwa senti 969 juu ya msingi. Shingo ya gitaa imegawa oktava katika hatua 12 za senti 100 kila moja. Sauti iliyo karibu zaidi ni 1,000. Tofauti hiyo ya senti 31 humfanya aliyezoea piano asikie kosa, ilhali mwimbaji amelenga palepale.

Kuhusu mdundo, ushahidi unapatikana ng'ambo ya mpaka. Migodi ya Kopabelti iliwavuta vijana wa Rungwe hadi jirani na Katanga, ambako Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, mjini Jadotville (sasa Likasi). Uchambuzi wa David Rycroft, uliochapishwa 1961 na 1962, ulionyesha kuwa ubunifu wa papo kwa papo wa Mwenda ulisimama juu ya mzunguko mfupi unaobadilishwa kidogokidogo. Mapigo 12 yaweza kugawanywa kwa matatu-matatu, kwa mawili-mawili, au 7 na 5. Mgawanyo haulingani, lakini hesabu hutimia.

Suala hili si la maneno matupu. Mwalimu anayeamini kuwa ligombo "limepotoka" atalikaza upya kwa kufuata piano, na utaratibu wa awali utabaki katika kanda zilizohifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, mbali na Iringa. Hivyo basi, mtafiti hana budi kupima nyuzi na kuhesabu mapigo kwanza, ndipo achague istilahi.