Kalafati, silikoni na taa ya nyuma ya Probox

Leo naiweka kompyuta pembeni kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini watu wa kwetu Kyuso wakijua umesomea mambo ya kompyuta wanakuuliza kila kitu: simu iliyokataa kuwaka, sola isiyochaji, redio ya shangazi. Na kila mwaka mvua za vuli zikikaribia, swali ni moja: kwa nini buti ya Probox inaingia maji ilhali mlango umefungwa vizuri?

Jibu fupi: angalia taa za nyuma. Jibu refu ni historia, na ndiyo niliyowaletea leo. Kaeni kitako.

Kwanza, kwa nini jambo hili si dogo. Kyuso iko kaskazini mwa Mwingi, kaunti ya Kitui. Ni nchi kavu. Tegemeo letu kubwa ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na zao letu la biashara ni ndengu. Gunia la mbegu husafiri nyuma ya Probox, na likilowa siku mbili tatu mbegu huanza kuota au kuoza kabla ya kuona shamba. Nafaka ya kula ikipata unyevu ni hatari zaidi. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi yale yalikuwa yamehifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu, sisemi yalilowa garini. Nasema tu kwamba kwetu unyevu ndani ya gunia si mzaha.

Halafu kuna taa yenyewe. Maji yakiingia ndani yake, kishikio cha balbu kinashika kutu, taa ya breki inakufa, na dereva wa lori aliye nyuma yako usiku hajui kwamba umesimama. Umeona?

Haya, tuanzie pwani. Wakamba wanaijua njia ya pwani tangu zamani: katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilishuka mpaka Mombasa, na Kivoi wa Kitui alimpokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Huko Mombasa palikuwa na watu ambao kuzuia maji ilikuwa kazi yao ya kila siku, mafundi wa vyombo vya baharini.

Chombo cha kale zaidi kilikuwa mtepe, mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya 1, mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, kinataja mashua za kushonwa katika pwani yetu hii. Fikiria: kila tundu la kamba ni mlango wa maji, na kila tundu lilihitaji kuzibwa. Baadaye majahazi ya misumari yakawa na kalafati, yaani nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa nyundo katikati ya mbao. Juu yake mafundi walipaka sifa, mafuta ya papa, na chini ya chombo walipaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa.

Mafundi hao walijua mambo mawili ambayo nataka uyashike. La kwanza, kalafati haipakwi juu ya ufa. Inashindiliwa ndani ya ufa, na mbao zikinywa maji huvimba na kuibana. La pili, hakuna baharia aliyeamini kwamba chombo hakitavuja kabisa. Maji yaliyopenya yalikusanyika chini, kwenye ngama, na kulikuwa na mtu wa kuyafua. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuziba, na kuyapa maji njia ya kutoka.

Sasa tupande gari. Magari ya kwanza yalitumia taa za mafuta au za gesi ya asetilini. Moto unahitaji hewa, kwa hiyo taa hizo hazingeweza kuzibwa hata kama fundi angetaka. Umeme ulipoingia, balbu ikaweza kufungiwa ndani. Mwaka 1940 magari ya Marekani yakaanza kutumia taa za mbele zilizofungwa moja kwa moja, kioo na nyuzi ndani ya chombo kimoja kisichoingiza vumbi wala maji. Ikiungua unatupa taa nzima.

Taa ya nyuma haikupata bahati hiyo. Balbu yake inabadilishwa, kwa hiyo lazima pawe na tundu. Tena kwenye gari kama Probox, ambayo Toyota iliitoa mwaka 2002, taa nzima inakaa kwenye nafasi iliyokatwa katika bodi. Kati ya taa na bati kuna gasketi laini kama sponji. Hiyo gasketi ndiyo kalafati ya Probox.

Na gasketi huzeeka. Kwa kanuni ya KS 1515, gari lililotumika linaruhusiwa kuingia Kenya mradi halijapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Maana yake linaweza kushuka Mombasa na gasketi ya miaka 7, kisha linapanda hadi Kyuso kukutana na jua, vumbi na matuta. Sponji inakauka na kubaki bapa. Miezi ya kiangazi hutajua lolote. Mvua ya kwanza ndiyo inakwambia.

Hapo ndipo silikoni inapoletwa. Mwanakemia Mwingereza Frederic Kipping, wa Nottingham, ndiye aliyeanza kulitumia jina hilo mwaka 1901, na hata miaka ya 1930 hakuona kwamba utafiti ule ungefika mbali. Vita vya Pili vya Dunia vikabadilisha mambo. Mwaka 1943 kampuni ya Dow Corning iliundwa Marekani, na bidhaa yake ya mwanzo ilikuwa uji mzito wa silikoni wa kuzuia unyevu kwenye mitambo ya kuwasha injini za ndege za kivita. Mpira wa butili ulikuwa umevumbuliwa mwaka 1937 na William Sparks na Robert Thomas wa Standard Oil ya New Jersey. Butili unaijua: ni mpira wa tyubu. Kinachoshika hewa ndani ya tairi kinaweza pia kushika maji nje ya buti.

Kichekesho ni hiki: silikoni ya kwenye tyubu, ambayo kazi yake ni kufukuza maji, inahitaji unyevu wa hewani ili ikauke. Kwa hiyo Septemba kule Kyuso, hewa ikiwa kavu, inachelewa. Ipe siku nzima au zaidi. Na ile inayonuka siki inatoa asidi ya siki kweli, nayo inakula shaba na bati. Karibu na balbu na waya, omba dukani isiyonuka siki, au tumia utepe wa butili.

Lakini kosa ninaloliona zaidi ni la kupaka silikoni nje, kuzunguka taa, kama lipu. Sisi waandika programu tuna jina la kazi hiyo: kiraka juu ya dalili. Maji yataingia kwa juu, pale ulipopaka vibaya, na hayatakuwa na njia ya kutoka. Fundi wa jahazi angekucheka.

Fanya hivi. Mtu mmoja aingie nyuma na tochi, mwingine amwage maji nje polepole kuanzia chini kwenda juu, hadi tone la kwanza lionekane. Ondoa taa, ng'oa gasketi iliyokufa, safisha bati kwa spiriti na liache likauke. Weka butili au silikoni kuzunguka kingo zote bila kuacha pengo, na kwenye matundu ya boliti pia. Kaza nati sawasawa, zamu kwa zamu, usivunje plastiki. Vitundu vidogo vya kupumulia taa, usiviguse. Vile ndivyo vinavyotoa unyevu.

Kisha rudia kuangalia kila mwaka kabla ya mvua, kama manahodha walivyokagua kalafati kabla ya safari. Walioanza Septemba hawatakimbizana na fundi Novemba.